Gari Likiharibika Njiani: Msaada wa Wapita Njia Katika Mpaka wa Busia na Tororo

Barabara kuu itokayo bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi na kuvuka mpaka Malaba, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda, na pia baadhi ya mizigo ya Rwanda na mashariki ya Kongo. Njia ya pili hupitia Kisumu na kuvukia Busia. Sisi wakazi wa wilaya za Tororo na Busia tumejenga, tunalima na kufanya biashara kando ya njia hizo, na gari lililokwama si jambo geni machoni petu. Ni nadra mtu wa kwanza kulifikia kuwa polisi. Kwa kawaida ni mkulima aliyekuwa shambani, mwendesha bodaboda aliyepunguza mwendo, au mama anayeuza ndizi. Yafuatayo yanaeleza jinsi msaada wa watu hawa unavyoweza kutolewa na kupokelewa kwa usalama, maana wema usio na tahadhari umekwisha kugharimu maisha katika barabara zetu.

Tuanze na hofu, kwa kuwa ndiyo inayozuia msaada mwingi. Dereva aliyekwama jioni huogopa kwamba anayemkaribia ni mwizi. Mpita njia naye huogopa kwamba gari lile ni mtego, kwa sababu wahalifu huweza kujifanya wameharibikiwa ili wamnase atakayesimama. Hofu zote mbili zina msingi, na polisi hatuwezi kuwaambia wananchi wazipuuze. Lakini zipo njia za kuzipunguza.

Familia moja kutoka upande wa Kenya ilikuwa ikienda mazishini Tororo. Mkanda wa injini ukakatika jua likizama, na ndani ya gari mlikuwa na akina mama wanne na mtoto mwenye homa. Mzee mmoja alisimama mbali kidogo, mikono yake ikionekana wazi, akasema: "Mama, poleni na safari. Mimi ni wa kijiji hiki, na mwenyekiti wetu wa LC1 anakaa pale penye mwembe. Nimwite kwanza, ndipo tusukume gari?" Alizungumza Kiteso, na mmoja wa wale akina mama akamjibu kwa lugha hiyohiyo, kwani Wateso wako pande zote mbili za mpaka, kama walivyo Wasamia. Mwenyekiti alikuja, gari likasukumwa hadi uani kwake, na mtoto akapelekwa kituo cha afya kwa bodaboda ya kijana ambaye mwenyekiti alimjua kwa jina. Fundi alifika asubuhi, akadai bei ya mkanda peke yake.

Kilichoondoa hofu pale ni kwamba yule mzee alijitambulisha, akataja kiongozi anayejulikana, na hakuligusa gari kabla ya kuruhusiwa. Nasi tunamshauri kila mkazi afanye vivyo hivyo. Aliyekwama naye abaki mahali penye watu inapowezekana, ampigie ndugu yake simu na kumweleza yuko wapi na ni nani anayemsaidia, tena aseme hayo kwa sauti ya kusikika. Mwenye nia njema hatachukizwa na simu hiyo. Ukivuka upande wa Kenya, katika barabara ya Malaba hadi Busia inayopitia Adungosi na Alupe, wa kuulizia ni mzee wa kijiji au chifu.

Kuhusu malipo, yafaa kusema wazi. Anayekuuzia kazi yake ana haki ya kulipwa, na fundi wa kando ya barabara si mkosaji kwa kutaja bei. Mpatane kabla spana haijashikwa, na mseme ni shilingi za nchi gani. Ugomvi mwingi wa mpakani ungekwisha kwa sentensi hiyo moja.

Sasa nije kwenye mawe na matawi. Dereva asiye na pembetatu za kuakisi mwanga huvunja matawi na kuyatandaza barabarani, na wasaidizi huongeza mawe ya kuzuia magurudumu. Desturi hii imeenea kote Afrika Mashariki na imeokoa wengi. Tatizo huja baada ya matengenezo. Gari huondoka kwa shangwe, mawe yakabaki katikati ya njia, na saa nne usiku mwendesha bodaboda mwenye taa hafifu huyakuta hapo. Aliyesaidia kuyaweka na ahakikishe yameondolewa kabla ya kuagana na mgeni. Pembetatu ziwekwe mbali vya kutosha ili dereva wa lori zito apate nafasi ya kupunguza mwendo. Kuiweka hatua tatu nyuma ya gari ni sawa na kutoiweka kabisa. Abiria washuke upande usio na magari na wakae nje ya lami. Hasa wasikae nyuma ya gari wakiangalia fundi anavyofanya kazi, ijapokuwa natambua kwamba kumtazama fundi ni burudani isiyolipiwa.

Lori la mafuta ni jambo jingine kabisa. Likiharibika au likipinduka, usilikaribie, hata kwa nia ya kusaidia, na kamwe usilikaribie na mtungi. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa lori lililopinduka liliposhika moto wakati wananchi wakichota mafuta. Mwezi Juni 2013, Namungoona katika jiji la Kampala, watu zaidi ya 30 walikufa kwa moto wa namna hiyo. Julai 2021 msiba ulitokea katika barabara yetu yenyewe, ile itokayo Kisumu kuja Busia: huko Malanga, kaunti ya Siaya, lori la mafuta liligongana na lori la maziwa, na watu wasiopungua 13 waliokimbilia mafuta wakateketea. Mvuke wa petroli hutambaa chini, hauonekani, na cheche ya bodaboda inayowashwa kando yatosha kuulipua. Msaada unaotakiwa hapo ni kuwazuia watoto na majirani wasisogee, kusimamisha magari kutoka mbali, na kupiga simu.

Wananchi hutuuliza: je, nikimpeleka majeruhi hospitalini, polisi watanikamata? Shahidi si mshukiwa. Afisa anaweza kukuomba uandikishe maelezo ya ulichokiona, na hilo ni jambo la kawaida katika uchunguzi. Kwa upande wa Kenya, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Wenye magari yanayovuka mpaka wakumbuke karatasi zao. Kadi ya Manjano ya COMESA, inayotambuliwa Uganda na Kenya, hulipa madhara utakayomletea mtu mwingine katika ajali. Haitakununulia rejeta wala kulipia gari la kuvuta. Kibali cha muda cha gari la kigeni nacho huendelea kuhesabu siku hata gari likiwa gereji likisubiri vipuri. Nenda kwa maafisa wa forodha kabla siku hazijaisha, si baada ya kuisha.

Nambari za dharura ni 999 na 112 katika nchi zote mbili. Karibu na mpaka, simu yako huweza kushika mtandao wa jirani bila wewe kujua, na ukajibiwa na afisa wa nchi nyingine. Kwa hiyo neno la kwanza liwe upande uliopo, Uganda au Kenya, kisha jina la kijiji au soko lililo karibu, ndipo ueleze gari limepatwa na nini na kama kuna aliyeumia.