Abiria Anayepotea Ndani ya Faili

V23.5. Ukiikuta imeandikwa pembeni mwa faili la mgonjwa unaweza kudhani ni kipande cha namba ya usajili wa gari. Afisa kumbukumbu za afya anaisoma kama sentensi kamili: abiria wa pikipiki ameumia barabarani baada ya pikipiki aliyoipanda kugongana na gari dogo, pikapu au vani. Tarakimu ya mwisho ikiwa 4, aliyeumia ni dereva wa pikipiki. Ikiwa 3, mtu aliumia wakati wa kupanda au kushuka. Ikiwa 9, maana yake hospitali ilimpokea majeruhi wa pikipiki na hakuna aliyeandika kama alikaa mbele au nyuma.

Misimbo hii inatoka katika ICD-10, toleo la kumi la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Toleo hilo lilipitishwa 1990 na kuanza kutumika 1994, lakini ukoo wake unarudi nyuma hadi 1893, pale Mfaransa Jacques Bertillon alipowasilisha mjini Chicago orodha yake ya visababishi vya vifo. Waliopanda pikipiki wametengewa V20 hadi V29, waliopanda bajaji V30 hadi V39, na mtembea kwa miguu aliyegongwa na pikipiki anaandikwa V02. Kwa pikipiki, tarakimu ya pili inaeleza iligongana na nini: 0 ni mtembea kwa miguu au mnyama, 4 ni lori au basi, 7 ni kitu kisichosogea kama nguzo, 8 ni ajali isiyo na mgongano wowote. Mama ambaye mtandio wake umenaswa na mnyororo ukamvuta hadi chini anaingia V28.5. Daladala aina ya Hiace haihesabiwi kama gari dogo, kwa sababu mpaka umewekwa kwenye watu 10. Ikizidi hapo ni basi, na msimbo unahamia V24.

Kila jeraha la ajali linastahili misimbo miwili, mmoja wa kilichoumia na mwingine wa kilichoumiza. Ule wa kwanza hausahauliki, kwa kuwa matibabu na madai ya bima vinautegemea. Mfupa wa muundi uliovunjika katikati ni S82.2, na hakuna bima itakayolipa bila kujua hivyo. Wa pili haubadilishi chochote mezani kwa mpasuaji. Mguu ni mguu, uwe wa dereva au wa abiria. Daktari wa zamu mwenye majeruhi sita kwenye foleni saa nane za usiku ana sababu ya kuuruka, na simlaumu sana. Tatizo ni kwamba mgonjwa akifariki mambo yanageuka: kanuni za WHO zinataka kisababishi cha msingi cha kifo kiwe tukio lenyewe, yaani ule msimbo wa V, wala si fuvu lililopasuka.

Hata upande wa jeraha, neno moja likikosekana lina gharama. Mbele ya muundi kuna ngozi tu, nyama hakuna, hivyo mfupa huo ukivunjika hutoboa nje kwa urahisi. Mvunjiko ulio wazi unahitaji kuoshwa chumba cha upasuaji na antibiotiki mapema, na mgonjwa anaweza kurudishwa mezani mara kadhaa. ICD-10 ina nafasi ya tarakimu ya ziada, 0 kwa mvunjiko uliofungika na 1 kwa ulio wazi. Daktari asipotaja, kanuni inasema uhesabiwe umefungika. Mwisho wa mwaka hospitali inaonekana kwenye karatasi kuwa ilitumia dawa nyingi kwa mivunjiko myepesi.

Ugonjwa mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni herufi tatu: MTA kwa Tanzania, RTA kwa Kenya. Daktari akiandika hizo na kuishia hapo, amesema kulikuwa na ajali ya barabarani, basi. Afisa kumbukumbu hana ruhusa ya kubuni. Anachobakiwa nacho ni V89.2, mtu aliyeumia katika ajali ya gari isiyoelezwa. Watafiti huiita misimbo ya aina hiyo takataka, na wana haki. Fomu ya PF3 huenda inaeleza zaidi, lakini ile imeundwa kwa ajili ya polisi na mahakama. Mpanga bajeti ya afya haisomi.

Kwa nini kumtenga abiria? Kwa sababu haumii kama dereva, na kinga yake si ile ile. Dereva anaiona hatari inavyokuja na ana usukani wa kushika. Abiria amekaa nyuma ya mgongo wa mtu, pengine upande kwa sababu ya gauni, mkono mmoja na mtoto, mwingine na kapu. Helmeti ikiwa moja, inavaliwa mbele. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi na vifo kwa asilimia 42. Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka abiria naye aivae, na pikipiki ibebe abiria mmoja. Kama sheria hiyo inaokoa vichwa vya nyuma au vya mbele tu, hakuna atakayejua iwapo wote wamezolewa pamoja kwenye V29.9.

Tusiitarajie ICD-10 ifanye miujiza. Haina nafasi ya kuandika helmeti. Mishikaki nayo haionekani: abiria watatu wa pikipiki moja wanakuwa mafaili matatu yasiyojuana. Inachoweza kuonyesha, na wengi hawajui, ni shughuli. Kuna tarakimu ya mtu aliyekuwa kazini kwa malipo, ambayo ingemfaa karibu kila dereva wa bodaboda, na kumfanya majeruhi wa kazi kama fundi aliyeanguka kwenye jengo. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, inaruhusu kuunganisha misimbo ili kueleza zaidi. Lakini nayo inasubiri mtu aulize na aandike.

Kwa hiyo, ndugu daktari, andika mstari mmoja: "Abiria wa bodaboda, hakuvaa helmeti, waligongwa ubavuni na daladala." Nawe msomaji, siku ukimfikisha majeruhi hospitalini, usiishie kutaja jina na umri wake. Sema alikuwa amekaa wapi, waligongana na nini, kichwani alivaa nini, na hakikisha unaona kalamu ikiandika.