Neno "Kosheri" na Tafsiri Zake

Wafasiri wa Kiswahili walikutapo neno la Kiebrania "kasher", ambalo Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walilitamka "kosher", huliandika "halali", au "safi", au hulieleza kuwa ni chakula kilichobarikiwa na rabi. Tafsiri hii ya tatu ni kosa tupu. Rabi habariki chakula kikawa kosheri. Baraka husemwa na mlaji mwenyewe kabla ya kula, wala haibadilishi hali ya chakula. Nguruwe hawi kosheri hata akisomewa dua mchana kutwa. Kazi ya msimamizi jikoni au kiwandani ni kuchunguza vitu vinavyotiwa katika chakula, na vyombo vinavyotumika.

Asili ya neno ni "-enye kufaa". Katika Esta 8:5 latumika kwa shauri lionekanalo jema mbele ya mfalme. Torati, itajapo wanyama waliwao, hutumia neno jingine, "tahor". Ni marabi wa baadaye waliolieneza kwa chakula, na hata leo shahidi au gombo la Torati huweza kuitwa kosheri.

"Halali" lapotosha kwa namna iliyofichika zaidi, kwa kuwa sheria hizi mbili zafanana sana: zote zakataza nguruwe, damu na kibudu, na zote zataka mnyama achinjwe kooni. Lakini ngamia, aliwaye na Mwislamu, hukatazwa katika Mambo ya Walawi 11, maana hucheua bali hahesabiwi kuwa na ukwato uliopasuka. Samaki hapana budi awe na mapezi na magamba. Hapo mtu wa pwani hupoteza pweza, ngisi, kamba na kaa, na papa pia, ambaye ngozi yake haina magamba ya kubanduka. Divai, kwa upande mwingine, ni haramu kwa Mwislamu, bali Myahudi huifungulia Sabato, mradi imetengenezwa na Wayahudi wenzake.

Tena liko suala la nyama na maziwa. Torati yakataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Marabi wakalipanua katazo hilo hata likaingiza nyama ya kuku. Vyombo hutengwa, na wengi hungoja saa 6 baada ya nyama kabla ya kugusa maziwa. Kwa hiyo kuku aliyechinjwa kwa sheria zote, na mtindi usio na ila, vikitiwa katika biriani moja, vyote viwili hukataliwa. Neno "halali" haliwezi kulibeba jambo hilo. Karibu na Mbale, Uganda, ambako jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 yakaa na majirani Waislamu, tofauti hii ni jambo la sahani ya mgeni, si la kamusi peke yake.

Ama "safi", lililozoeleka katika Biblia kinyume cha "najisi", humfanya msomaji adhani ni habari ya usafi na afya. Kweli Maimonides, aliyekuwa tabibu (alifariki 1204), alitoa sababu za afya. Lakini Isaac Abarbanel (1437–1508) alimpinga, akikataa Torati igeuzwe kitabu cha utabibu. Torati yenyewe hutaja utakatifu. Hata chumvi ya mawe, ambayo wengine hudhani huitakasa nyama, kazi yake ni kunyonya damu: nyama huroweshwa nusu saa, hutiwa chumvi saa nzima, kisha husuuzwa.

Kukopa neno ni bora. Lakini "kosha", ambayo ndiyo sauti iliyo karibu zaidi, imekwisha kuwa kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuosha, na ingelirudisha kosa lile lile la usafi. "Kosheri" yaepuka mgongano huo, na katika kamusi yatosha kuelezwa hivi: kinachofaa kwa sheria ya Kiyahudi, hasa chakula.