Amosi: Hukumu Iliyoanzia Sokoni

Msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama anayekifungua kitabu cha nabii Amosi kwa mara ya kwanza hukutana na moto, nzige, ukame na matetemeko, na ni rahisi adhani kwamba kiini chake ni ghadhabu ya Mungu isiyo na mipaka, ilhali kitabu hicho kimepangwa mfano wa kesi mahakamani, chenye mashtaka, ushahidi na adhabu inayolingana na kosa.

Amosi hakuwa kuhani wala mtoto wa nabii. Alitoka Tekoa, kijiji cha Yuda kilichoko kusini mwa Bethlehemu, naye alihubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli kiasi cha mwaka 750 kabla ya Kristo, wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili, enzi ya amani na biashara nzuri kwa wenye nacho. Alifuga mifugo na kutunza mikuyu, mti uleule unaoota kando ya mito ya Mara. Katika Afrika Mashariki nyigu wadogo sana huingia ndani ya kuyu na kulichavusha, lakini nyigu hao hawapo Palestina, na kwa hiyo watunzaji wa huko walilazimika kupanda mtini na kuyachanja makuyu moja moja kwa kisu ili yaive, kazi ya subira na ya kipato kidogo.

Mashtaka yake yanaanza mbali. Anaitaja Dameski, kisha Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu, mataifa ambayo hayakupewa torati na ambayo hata hivyo yanahukumiwa kwa ukatili wa vita na kwa kuuza mateka, kwa kuwa huo ni uovu ambao binadamu yeyote anaujua bila kufundishwa. Ni kama mhubiri asimame katika soko la Musoma, azitaje dhambi za Kisumu, za Mwanza na za Arusha huku watu wakiitikia, kisha aitaje Musoma yenyewe, mtaa kwa mtaa. Baada ya Yuda anafika Israeli, na hapo ndipo anapokaa muda mrefu kuliko kote. Siku ya Bwana, yaani siku ambayo wasikilizaji wake waliitazamia kuwa ya kupigwa kwa adui zao, yeye anasema itakuwa giza kwao wenyewe.

Kosa lao ni lipi? Maskini wanauzwa kwa sababu ya deni dogo; hongo inapokelewa langoni pa mji, mahali ambapo wazee walikata mashauri; na wafanyabiashara wanapunguza efa, kipimo cha nafaka, huku wakiongeza uzito wa shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi. Mkulima wa Mara hahitaji mfasiri hapa, kwani anaijua lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kuongezewa nundu iliyofungwa kwa kamba, ambalo mlanguzi hulilipia bei ya gunia moja ingawa sheria ya vipimo ya Tanzania inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Katika Israeli muuzaji ndiye aliyepunguza kipimo, na kwenye lumbesa mnunuzi ndiye anayekiongeza, lakini anayeumia ni yuleyule mnyonge asiye na sauti mbele ya mizani.

Wakristo wa mkoa wa Mara wana historia yao ya kuisikia hukumu. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934, na uamsho uliozuka huko mwaka 1942 uliwafanya watu waungame hadharani na kupatana na waliowakosea, jambo linalostahili heshima. Amosi anakwenda hatua moja zaidi: anauliza pia juu ya mahakama, kodi na bei. Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, alilibeba swali hilo mwaka 1970 mbele ya masista wa Maryknoll huko Marekani, ambao mapadri wa Maryknoll, wenzao, walikuwa wakihudumu Musoma, alipodai kwamba Kanisa lishiriki katika kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini.

Amasia, kuhani wa Betheli, alimwamuru Amosi arudi Yuda akale mkate wake huko, kwa kuwa Betheli ni patakatifu pa mfalme. Kumfukuza hakukuizuia hukumu: mwaka 722 kabla ya Kristo Waashuru waliuteka Samaria, mji mkuu wa Israeli. Kitabu chenyewe kinafungwa kwa ahadi ya kuinuliwa tena kwa hema ya Daudi iliyoanguka, na ahadi hiyo ni ya kweli, lakini imewekwa mwishoni kwa makusudi, na mhubiri anayeitanguliza siku ya mavuno, mazao yakiwa yamerundikwa mbele ya madhabahu, anawanyima waumini nafasi ya kuulizwa mazao hayo yalipimwaje.