Bibi asiambiwe: filamu ya familia iliyoficha ugonjwa

Wengi wetu tumewahi kukaa nje ya wodi, majibu ya vipimo yakiwa mkononi mwa mtoto mkubwa, huku mgonjwa mwenyewe akiambiwa ni vidonda vya tumbo tu. Filamu ya The Farewell, iliyotoka mwaka 2019, inahusu jambo hilo hilo, ila kwa familia ya Kichina.

Aliyeiandika na kuiongoza ni Lulu Wang, mzaliwa wa Beijing aliyekulia Marekani, na kisa chenyewe kilitokea kwao. Bibi mmoja wa mji wa Changchun anagundulika ana saratani ya mapafu, na inasemekana amebakiza miezi 3. Ukoo unaamua asiambiwe. Lakini watoto wake wako Japani na Marekani. Watarudije wote kwa pamoja bila yeye kushtuka? Inatungwa harusi ya mjukuu wake, ambaye uchumba wake ndio kwanza una miezi 3. Bibi anaishika harusi kwa mikono miwili, mpaka anagombana na watu wa ukumbi: yeye aliagiza kambakochi, wao wanamletea habari za kaa.

Anayeteseka zaidi ni Billi, mjukuu aliyelelewa New York, anayechezwa na Awkwafina. Wazazi wake hawakutaka aende, maana uso wake hauwezi kuficha kitu. Anaenda hivyo hivyo. Kwa malezi aliyoyapata, mwenye ugonjwa ndiye mwenye habari. Huenda bibi ana watu wa kuwaaga, ana mambo ya kuweka sawa. Ndugu wa baba yake anamjibu kwamba ninyi wa Magharibi mnadhani uhai wa mtu ni mali yake peke yake, ilhali kwao ni sehemu ya familia. Kumwambia bibi ni kumtwika mzigo ambao familia inapaswa kumbebea.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini na sisi tunaujua upande wake wa pili. Mgonjwa asiyeambiwa hawezi kuchagua matibabu, wala kusema shamba abaki nalo nani. Filamu haimpi ushindi yeyote. Inachofanya ni kutuonyesha kwamba wanaoficha nao wanaumia: mtoto wa kiume analia mbele ya wageni wa harusi, na watu wanadhani ni furaha. Tena tunakuja kujua kwamba bibi mwenyewe alimficha mumewe ugonjwa wake vivyo hivyo, mpaka siku zake za mwisho zilipofika.

Mdogo wake bibi katika filamu anachezwa na Lu Hong, ndiye huyo huyo mdogo mtu wa kweli aliyeitunza siri. Na bibi mwenyewe? Maandishi ya mwisho yanasema miaka 6 baada ya majibu yale alikuwa bado yu hai.