MAUA YA ARUSI KATIKA KITABU «MADAME BOVARY»



Tulipomaliza kusoma «Madame Bovary» katika somo la Kifaransa, mabishano yaliwaka darasani. Wavulana wengi walisema: «Huyu ni mwanamke mubaya, basi.» Dada zetu walinyamaza. Kisha mmoja akauliza: «Na yale maua je?» Hakuna aliyejibu. Ndiyo sababu tunaandika ukurasa huu.

Habari hiyo ya Gustave Flaubert ilitoka kwanza katika gazeti mwaka 1856. Mwanzo wa 1857 serikali ya Ufaransa ilimshitaki kwamba anaharibu tabia njema. Akaachiliwa bila azabu, na mwaka ule ule kitabu kikatoka. Emma, binti wa mkulima, amesoma kwa masista kule Rouen. Anaolewa na Charles Bovary, munganga mdogo wa kijijini, mtu mwema lakini mzito.

Sasa maua. Ulaya ya wakati ule, bibi-arusi alichukua maua ya muchungwa. Juu ya nini muchungwa? Kwa sababu mti huo unaweza kuwa na maua na matunda kwa wakati mmoja. Ua jeupe ni usafi wa binti, tunda ni watoto wanaongojewa. Kumbe ua linamwambia mwanamke mambo mawili tu: uwe safi, tena uzae.

Emma anapoingia nyumba ya bwana wake mara ya kwanza, anakuta chumbani maua ya namna hiyo, yamefungwa kwa utepe mweupe. Si yake! Ni ya bibi wa kwanza, aliyekufa. Charles anayapeleka juu, chini ya paa. Emma anawaza: nikifa mimi, yangu watayafanya nini? Siku ya kwanza tu, amekwisha kuona kwamba fasi yake ilikuwa ya mwingine.

Wakati wa kuhama, anapanga vitu, waya inamchoma kidole. Ni maua yake mwenyewe, yamejaa vumbi. Anayatupa motoni. Yanawaka upesi, kwani yalikuwa ya karatasi, hayakuwa maua ya kweli. Flaubert hahubiri, anasema tu kwamba walipohama Emma alikuwa na mimba. Anatamani mtoto mwanaume, maana mwanaume ana njia mbele yake. Anazaa binti, anageuza kichwa.

Je, yalikuwa mawazo yake tu? Hapana. Sheria ya Napoléon ya mwaka 1804 ilimwamuru bibi kumtii bwana. Kuvunja ndoa kulikatazwa toka 1816 mpaka 1884. Ili ashike mambo ya feza ya nyumba, Emma alihitaji karatasi ya Charles. Tusiwacheke Wafaransa: kwetu Kongo, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilidai ruhusa ya bwana ili bibi afanye mapatano mbele ya sheria. Ilibadilishwa mwaka 2016.

Hatusemi Emma hana kosa. Alidanganya, alizini, alikopa mpaka nyumba ikaangamia, mwisho akala sumu. Charles akaagiza azikwe na nguo yake ya arusi na taji. Maua aliyachoma, lakini arusi ilimfuata mpaka kaburini. Na binti yake Berthe? Baba naye akafa, mtoto akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Yeye alikosa nini?

Dada zetu wa mwaka wa mwisho wamekwisha kuulizwa nyumbani: «Arusi ni lini?» Ni wachache wanaoulizwa: «Utasoma nini mbele?» Sisi wavulana, siku tutakapopeleka maua, tuulize kwanza yeye mwenyewe anataka nini. Tena tungoje jibu.

Mwenye mawazo mengine atuandikie. Tutayasoma kwa furaha.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho