Nchi Inavyotazamwa na Mchoraji

Somo letu ni picha za mandhari zilizochorwa na wasafiri wapelelezi, nami naona Kiloleli, huku Usukumani, ni mahali pazuri pa kulianzia, kwa kuwa katika jina hilo nasikia kitenzi cha Kisukuma kulola, yaani kutazama.

Mandhari ni picha ambayo nchi yenyewe ndiyo mhusika mkuu. Watu na ng'ombe huwekwa ili kuonyesha ukubwa wake. Toka nje utazame. Mawe ya karibu yana rangi kali na kingo zilizo wazi. Kilima cha mbali kimefifia, kinaelekea samawati, kwa sababu ya hewa iliyo kati yako nacho. Mchoraji akiiga kufifia huko, karatasi bapa huonekana ina kina. Usiuharakie msingi huu.

Mchoraji William Hodges, aliyesafiri katika Bahari ya Pasifiki na nahodha James Cook mwaka 1772 hadi 1775, alichora pia sura za pwani, yaani umbo la nchi kavu linavyoonekana kutoka chomboni, ili mabaharia wa baadaye waitambue. Huenda kazi hiyo ndiyo iliyomfunza kuufuata mwanga wa kisiwa cha Tahiti ulivyo.

Huku kwetu mchoraji alikuwa James Augustus Grant, mwenzake mpelelezi John Hanning Speke katika safari ya 1860 hadi 1863. Alianza na kamera Zanzibar, akaiacha, akashika rangi za maji, zile zinazoyeyushwa majini na kupakwa kwenye karatasi. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh.

Pengine unajiuliza: kama Grant alikuwepo, picha iliyochapishwa katika kitabu cha safari hiyo si ushahidi tosha? Hapana. Msanii mwingine aliuchora upya mchoro wake, kisha fundi akauchonga kwenye ubao ili upigwe chapa. Rangi ilipotelea njiani, na umbo la nchi liliweza kubadilika mkononi mwa mtu asiyeijua. Mimi huiamini karatasi ya kwanza.

Machi 1875 mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, alipita kwa mashua yake, Lady Alice, katika ghuba iliyo jirani na Kiloleli, akaiita Ghuba ya Speke. Kitabu chake cha 1878 nacho kimejaa picha za kuchongwa. Kabla hujakifungua, chukua penseli, nenda ukakichore kilima unachokijua masika na kiangazi. Kisha njoo na karatasi yako, tuilinganishe na za wasafiri hao.