Mbwa wa Mbio Arudipo Nyumbani

Nchini Uingereza, ambako mbio za mbwa wafukuzao sungura wa mitambo zilianza rasmi mjini Manchester mwaka 1926, greihaundi hustaafu mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 5, ilhali aweza kuishi hata miaka 12. Ziko familia ambazo humlea kwa muda hadi apatapo makao ya kudumu.

Mnyama huyu amekulia bandani. Akikataa kupanda ngazi au akigonga mlango wa kioo, huo si ukaidi. Ni vitu asivyopata kuviona. Mlezi hubandika karatasi kiooni, na humzoeza ngazi kidato baada ya kidato. Kwa kuwa ana mafuta machache mwilini na manyoya mafupi, huhitaji pia malazi laini yenye joto.

Hatari kubwa imo machoni mwake. Greihaundi huwinda kwa kuona kuliko kunusa: paka akikimbia, silka huamka, naye hutimka kwa mwendo upitao kilomita 60 kwa saa, asisikie wito wala kuona gari. Kwa hiyo barabarani hafunguliwi ukanda kamwe. Lakini nguvu hizo ni za muda mfupi tu. Baada ya matembezi, hulala sehemu kubwa ya siku.